Ndaki Anashuka Majini

Mume wangu anaoga. Yuko nyuma ya nyumba, kwenye bafu letu la mabati, anajimwagia maji kichwani kwa kopo, anapuliza pua kama ng'ombe, na anaimba pambio kwa sauti isiyofaa hata kufukuzia ndege shambani. Hiyo ni ndoo ya pili. Maji hapa Nyarugusu tunanunua, tena kwa mtu anayeyaleta na toroli huku amenuna, na siku nyingine ningeshapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Leo namwacha. Amalize hata pipa, nitanunua lingine, na nikikosa tutakaa bila kunawa.

Nasema hivi kwa sababu watu wa hapa walishaihukumu kesi ya Ndaki kabla hajajitetea. Wengine walisema ana pepo la majini. Wengine wakasema kuna dhambi kubwa ameificha na ndiyo inayomrudisha nyuma. Jirani yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunaazimana kinu, alisema labda ana mke mwingine Kahama na Mungu hataki uongo. Mke mwingine, jamani. Ndaki huyu, ambaye mimi mmoja tu namshinda.

Mimi naitwa Mageni, mama Ritha. Nimezaliwa Kambarage, Shinyanga mjini, ndoa ndiyo iliyonileta huku, na kazi yangu ni kupika wali na maharage kwa wachimbaji. Mdomo wangu watu wanaujua. Lakini kwa habari ya Ndaki nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kunyamaza maishani, kwa sababu hata mimi sikujua ana nini.

Ndaki alikuwa mchimbaji wa ndani. Duara alilofanyia kazi, yaani lile shimo la kushukia kwenye mwamba, lilikuwa refu, ukichungulia unaona giza tu. Siku moja wenzake walikuwa wamepanda juu kula, tena wanakula wali wangu, na yeye alibaki chini kumalizia kipande. Alikuwa anachimba kwenda ubavuni. Sululu ikatoboa shimo la zamani ambalo hakuna aliyejua kama lipo, na shimo hilo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Maji yote yale yakamwagikia upande wake kwa mara moja.

Aliyekuwa juu siku hiyo ni Nuruddin. Ndiye aliyekuwa kwenye winchi, ile ya magogo wanayoizungusha kwa mikono, na kamba ilikuwa imefungwa kiunoni kwa Ndaki. Nilimwona kwa macho yangu akizungusha mpaka viganja vikachubuka, wenzake wakatupa sahani wakaja kumsaidia. Ndaki alitoka hajitambui, macho meupe, mdomo umejaa tope. Tukampakia kwenye gari kumkimbiza hospitali, na mimi nililia njia nzima kama mjane. Alipopata nafuu tukarudi nyumbani, tukakuta Nuruddin ameshaacha kazi ya machimbo na kuhamia Buseresere. Hakuaga mtu.

Mwili wa Ndaki ulipona. Tatizo likawa maji. Akawa anajifuta kwa kitambaa, kipande kwa kipande, kama anafuta meza ya mgahawa. Nikimwambia ajimwagie kama binadamu wengine, anasema baadaye. Mvua ikipiga bati anatoka kukaa kibarazani, anadai ndani kuna joto. Duarani hakurudi tena. Akapata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, juani, juu ya ardhi, na mimi nikashukuru nikaona yaliyobaki tutayazoea.

Kisha akaanza kunifuata kanisani. Miaka yote nilikuwa namsihi, ananijibu kwamba Jumapili ni siku yake ya kulala. Sasa akawa ananitangulia kuvaa viatu. Tulikuwa tunachambua mchele aliponiambia sababu.

“Kule chini nilimwambia Mungu, ukinitoa hapa mimi ni wako. Amenitoa. Sasa lazima niende nikabatizwe, nisije nikawa mwongo.”

Nilifurahi mpaka nikamwaga mchele. Nilibatizwa nikiwa msichana, na kila siku ya Meza ya Bwana mume wangu alikuwa anabaki nyuma kwenye benchi akiangalia dari. Niliona sasa hayo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha. Hatuna birika la kubatizia, kwa hiyo tunakwenda kwenye lambo wanakonyweshea ng'ombe, asubuhi mapema kabla mifugo haijalichafua. Anayebatizwa anaingia na kanzu nyeupe mpaka maji yamfike kiunoni, mchungaji anamshika mgongoni, anamziba pua na mdomo kwa kitambaa, anasema maneno, anamlaza chali mpaka maji yamfunike, kisha anamwinua. Kwenye darasa la ubatizo Mchungaji Maganga, kijana mpole ambaye hajawahi kumfokea hata mbuzi, alifundisha kwamba yule anayelazwa majini anazikwa pamoja na Kristo, na yule anayeinuka ni mtu mpya. Ndaki akanyoosha mkono. Akauliza kama mtu ambaye ameshazikwa mara moja anatakiwa kuzikwa tena. Darasa zima likacheka, wakadhani ni utani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na sikucheka, maana niliona mikono yake imeshika ukingo wa benchi.

Siku ya ubatizo nilipika pilau sufuria kubwa. Tukaenda lamboni na kwaya na spika yao. Wenzake walizamishwa mmoja mmoja, wakatoka wanatetemeka na kucheka, akina mama wakawazungushia khanga wabadilishe nguo, vigelegele, raha tupu. Ikafika zamu ya Ndaki. Mchungaji alipomlaza, Ndaki alirusha mikono kama anapigana na fisi. Akamshika mchungaji shingoni, wakaenda chini wote wawili, na aliyezama vizuri ni mchungaji. Ndaki alitoka mbio, kanzu imemganda mwilini, akakatiza katikati ya senta, mbele ya karasha, mbele ya maduka, mpaka nyumbani. Watoto walimfuata wakidhani ni harusi. Wageni wakaja kula pilau ya mtu ambaye hajabatizwa, na walikula vizuri sana.

Hapo ndipo Mzee Bujiku alipoingia. Mzee Bujiku ni mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu na ushauri mrefu zaidi. Alitangaza kwamba hili ni pepo la majini, akaleta kikundi cha maombi nyumbani kwangu kila jioni. Waliomba, walikemea, walimshika Ndaki kichwa mpaka nikaogopa shingo itavunjika, na wakimaliza wanakaa kusubiri chai. Sukari yangu ikaisha. Nikawapa chai ya chumvi kama kule kwetu sukari ikikosekana, na ghafla Roho akawaongoza waombee nyumba nyingine.

Ubatizo uliofuata, Mzee Bujiku alikuja na mbinu. Alisema Ndaki anaogopa kwa sababu anaona maji, basi afumbwe macho kwa kitambaa, na wanaume wanne wenye nguvu wamsaidie mchungaji kumshika. Ndaki alikubali. Angekubali lolote wakati ule. Wakamfunga kitambaa, wakamshika mikono na miguu, wakamwingiza. Maji hayajawafika magotini akaanza kupiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nilivua viatu nikaingia mwenyewe na gauni langu la kanisani, nikawaondoa wale wanaume mmoja mmoja, na Mzee Bujiku nilimwambia maneno ambayo mchungaji alijifanya hajayasikia.

Baada ya siku hiyo Ndaki alibadilika. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alikunja ile kanzu nyeupe, akaiweka juu ya kabati, akasema tuirudishe kanisani. Mchungaji Maganga alikuja peke yake, akakaa nasi, akasema amewauliza wakubwa wake, na kwa mtu mwenye tatizo wanaruhusu kumwagiwa maji kidogo kichwani kama yanavyofanya makanisa ya jirani. Ndaki alimshukuru sana. Halafu akakataa. Alisema yeye alimwahidi Mungu kujitoa mzima na hawezi kujitoa nusu. Mchungaji alipoondoka, Ndaki akaniambia niende kanisani na Ritha bila yeye.

“Nimekwenda mara mbili, Mageni. Mara mbili amenirudisha. Mungu hanitaki, na mimi siwezi kumlazimisha.”

Nilikuwa nasugua sufuria. Nikaiacha. Kilichonipanda siyo huruma, ni hasira, nisidanganye. Huyu mtu alikuwa anakwenda kuishi maisha yake yote akiamini Mungu amemfungia mlango, na mimi nakaa naye chumba kimoja. Nikamwambia kwamba kila mtu hapa amemweleza anaogopa nini, mzee amemweleza, majirani wamemweleza, hata mimi nimemweleza, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Basi nauliza mimi. Kikufanyacho uruke vile ni nini hasa? Na usiniambie maji.

Akasema siyo maji. Ni kwamba hajui nani yuko juu.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza kazi. Kule duarani hakuna anayeshuka bila kuuliza. Umeshafungwa kamba, mguu uko ukingoni, unauliza kwa sauti, juu kuna nani? Na yule aliye kwenye winchi anataja jina lake, kisha anasema, shuka. Hata kama unamwona, hata kama mmekula naye sahani moja sasa hivi, lazima uulize na lazima ajibu. Jina ukilisikia ni geni kwako, hushuki, hata mwenye duara akutukane matusi ya aina gani. Kwa sababu ukishafika chini, uhai wako wote ni mikono ya mtu mmoja aliye juu.

“Mchungaji ni mtu mzuri,” akasema. “Lakini ananilaza kimya. Nikishalazwa sisikii mtu. Ule ukimya naujua, nimeshakaa ndani yake.”

Nikamuuliza je, mchungaji akitaja jina lake? Akafikiri, akatikisa kichwa. Alisema mikono ya mchungaji yeye haijui. Nikamuuliza anaijua ya nani. Hakutaja, lakini mimi si mjinga. Nikamuuliza kwa nini basi hajawahi kwenda kumwona Nuruddin tangu siku ile, wakati Buseresere siyo Ulaya. Akasema Nuruddin ndiye aliyeondoka bila kuaga, na mtu anayekuondokea bila kuaga maana yake amekuchoka. Wanaume bwana. Nilimalizia kusugua sufuria zangu, nikamwachia Ritha chakula, na kesho yake nikapanda gari la Buseresere.

Nuruddin nilimkuta dukani kwake, anauza mabeseni na ndoo za plastiki. Amenenepa kidogo, ndevu amezichonga vizuri. Aliponiona aliinuka akaangusha kiti. Akanisalimu shemeji, habari za nyumbani, habari za mtoto, zote nzuri, na macho yake yanaangalia ndoo. Mke wake Zuhura akaniletea maji ya kunywa na kunikaribisha ndani. Nuruddin akasema, kabla sijafungua mdomo, kwamba anajua nimekuja kwa nini. Anajua Ndaki hafanyi kazi tena ya duara. Kama kuna gharama za hospitali, yeye yuko tayari.

Nilimshangaa. Nikamuuliza gharama za nini tena, mtu aliyemtoa mume wangu shimoni. Akasema alichelewa. Aliposikia mshindo wa maji alidhani ni mawe yameporomoka, akasubiri kusikia sauti ya Ndaki kwanza ndipo azungushe. Kusubiri kule ndiko kulikomjaza Ndaki maji. Alipoona mume wangu hamtafuti, akajua ameshajua, na hataki kumwona.

Zuhura akadakia. Alisema mume wake huyu, mwenye kifua kile, hata ndoo ya kisima havuti. Watu wa nyumba nzima wanacheka, mwanamume ananunua maji ya mkokoteni lakini kamba haigusi. Nuruddin akamtazama kwa jicho la kumtaka anyamaze, na Zuhura hakunyamaza. Nilimpenda papo hapo.

Nikawaeleza yote, ya lambo, ya kitambaa, ya wanaume wanne. Nikamwambia Nuruddin kwamba Ndaki hakumkimbia. Ndaki haoni mtu mwingine duniani wa kumshika isipokuwa yeye. Nuruddin akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akajifuta uso. Baadaye akasema kuna tatizo moja. Yeye ni Muislamu. Kwenye ibada ya Wakristo atasimama wapi?

“Ukingoni,” nikamwambia. “Siku zote pamejaa mbuzi, wewe utakosa nafasi?”

Zuhura akacheka mpaka akashika ukuta. Nuruddin akasema hatasali sala yetu wala kuimba, asije akaonekana anaigiza mambo ya watu. Nikamwambia hakuna anayemtaka aimbe, kwaya yenyewe inatutosha kwa mateso. Akakubali.

Kazi ikabaki kwa wazee wa kanisa. Niliomba kuongea, nikaruhusiwa kwa shida. Mzee Bujiku alisikiliza huku anakunja uso, akasema haiwezekani. Ubatizo ni jambo takatifu, anayemshika mtu pale ni Bwana mwenyewe, siyo muuza mabeseni wa Buseresere asiye wa imani yetu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu, na jibu langu halikuwa la kanisani. Mchungaji Maganga akanitangulia. Kwa sauti yake ile ile ya upole akamuuliza mzee swali.

“Siku ile duarani, mzee wangu, Bwana alimshika Ndaki kwa mikono ya nani?”

Mzee Bujiku akaangalia kofia yake. Wenzake wote wakamwangalia yeye. Ndugu zangu, mimi nilitegemea aondoke kwa hasira. Badala yake akauliza sherehe itakuwa na nyama gani. Tukamwambia kanisa limepata ng'ombe. Akasema basi ng'ombe huyo achinjwe na Muislamu, na ajulishwe mapema, maana mgeni hawezi kuitwa kutoka Buseresere kuja kufanya kazi ya watu halafu akakaa na njaa. Kisha akaomba tufunge kwa sala, na kwa mara ya kwanza sala yake ilikuwa fupi. Nilimsamehe sukari yangu yote.

Siku ilipofika Nuruddin na Zuhura walikuja na gari la asubuhi. Yeye na Ndaki walisalimiana kwa kushikana mikono tu, wote wawili wanaangalia chini, wanaulizana hali ya barabara. Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Lakini Nuruddin alikuwa amebeba ndoo mpya yenye mfuniko, na tulipofika lamboni akaifungua akatoa kamba. Hakuna aliyemwagiza. Nene, ya katani, ya winchi kabisa. Akamwendea Ndaki bila kusema neno, akampitishia kiunoni juu ya kanzu nyeupe, akafunga fundo lao la machimbo, akalivuta kulijaribu. Ndaki akasimama ametulia kama anavalishwa.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikageuka nikawaangalia, wakaacha.

Walibatizwa wengine kwanza, msichana mmoja aitwaye Serafina na bibi yake, na mimi sikumwona hata mmoja wao. Macho yangu yalikuwa kwa Ndaki tu. Mchungaji akamwita. Ndaki akaingia majini, kamba inamfuata nyuma, Nuruddin amesimama ukingoni amepanua miguu na kamba ameizungusha mgongoni. Maji yakafika magotini. Yakafika mapajani. Yakafika kiunoni, akasimama mbele ya mchungaji, na nikaona mabega yake yameanza kutetemeka kama mara ile ya kwanza. Nikajua kama akikimbia leo hatarudi tena, wala kanisani, wala kwangu sawasawa. Nilimshika Zuhura mkono nikamfinya mpaka leo ana alama.

Ndaki akauliza kwa sauti, mgongo wake umetugeukia.

“Juu kuna nani?”

Nikamtazama Nuruddin. Midomo inacheza, sauti haitoki. Machozi yanamtiririka kwenye zile ndevu nzuri. Mchungaji akasubiri, Mungu ambariki kwa kusubiri, mikono ameiacha pembeni, hakumgusa. Kwaya ilitaka kuanza wimbo, Mzee Bujiku akawanyooshea kidole wakanyamaza.

Ndaki akauliza tena, safari hii polepole.

“Juu kuna nani?”

“Nuruddin,” sauti ikatoka, imekwaruza. “Nipo. Shuka.”

Yale mabega yakatulia. Niliyaona yakitulia. Ndaki mwenyewe akamshika mchungaji mkono akauweka mgongoni kwake. Mchungaji akasema maneno, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mume wangu akalala nyuma kwa hiari yake, macho wazi, mpaka maji yakamfunika uso. Kamba ikanyooka. Sijui alikaa kule chini muda gani. Kwangu mimi ilikuwa kama mimba ya pili. Kisha akainuka, maji yanamwagika kichwani, puani, anakohoa, anacheka, na sisi wanawake tukapiga vigelegele mpaka ng'ombe waliokuwa wanasubiri kule juu wakageuka kukimbia na wachungaji wao nyuma yao. Mimi nilikaa chini kwenye tope.

Mchungaji akamtoa, tukamfunika khanga. Kila mtu anamshika, anamkumbatia, Ritha ameng'ang'ania mguu wake. Mzee Bujiku analia waziwazi na kusema asante Bwana kila baada ya pumzi. Mimi ndiye niliyeona kwamba kamba bado imekaza. Nuruddin alikuwa amesimama pale pale, miguu imepanuka, ameishika kwa mikono miwili, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Mchungaji akamwendea akamgusa bega, akamwambia tayari ndugu yangu, amekwisha batizwa, unaweza kuachia. Nuruddin akatikisa kichwa. Zuhura akamwita kwa jina lake, akatikisa kichwa tena. Watu wakaanza kuangaliana.

Ndaki akageuka akamwona. Akatoka katikati ya watu na khanga zangu mabegani, akamfuata mpaka wakawa uso kwa uso, kamba imelegea kati yao lakini mikono ya mwenzake haijafunguka.

“Siku ile hukuniambia,” Nuruddin akasema.

Sikuelewa, na ni Ndaki aliyetugeukia akatueleza. Kwenye duara lao, mtu aliye juu haachii kamba kwa sababu anamwona mwenzake ameshafika ukingoni. Anaachia akiambiwa. Aliyepanda lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ametoka, na kabla hajasema, hata akiwa amelala kwenye majani, wa juu bado yuko kazini. Siku ile Ndaki alitoka hajitambui. Alifunguliwa kamba na watu wengine, akapakiwa kwenye gari, na wawili hawa hawakuonana tena.

Ndaki akamshika Nuruddin viganja vyote viwili, vile vilivyochubuka siku ile, pamoja na kamba ndani yake.

“Nimetoka, Nuru,” akasema. “Nimetoka mzima.”

Nuruddin akamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anahakikisha.

“Haya, nimekusikia,” akasema, akaachia kamba.